Usinitukane kwa Kinyanya cha Jalalani

Ndugu msomaji, mimi si mtu wa kugombana. Lakini lipo tusi nililotupiwa hivi karibuni mbele ya kadamnasi, nami nimelibeba siku zote hizi kama mtu aliyefumbata kaa la moto. Leo nalitua hapa ukurasani ili sote tulitazame.

Tulikuwa kwenye mkutano wetu wa waandishi chipukizi, mjini Dar es Salaam. Kila mmoja alisoma kipande cha kazi yake. Nami nikasoma sura ya kwanza ya riwaya yangu, ambayo naihangaikia huu mwaka wa tatu. Nilipomaliza, mwenzetu mmoja, kijana msomi, mwenye maneno, akakohoa kidogo kisha akasema: "Hii kazi imejiotea tu. Haina kitalu, haina mbolea, haina mpango. Ni kinyanya cha jalalani." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nami nikacheka. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Kuhusu riwaya yangu, huenda alisema kweli. Ina wahusika wengi mno na wawili kati yao nimesahau kuwaua. Hapo sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni wa nyanya. Bwana yule alitaka neno la kumdharau mwenzake, akatafuta kitu cha chini kuliko vyote duniani, akaona ni kinyanya kile kinachoota chenyewe nyuma ya jiko. Na ukumbi mzima ukakubaliana naye! Ndiyo maana nimeshika kalamu. Nasema hivi, na anayetaka kubisha abishe: kinyanya cha jalalani kinazipita nyanya zote zilizopangwa mafungu sokoni, kwanza kwa utamu, pili kwa jambo jingine lililo kubwa kuliko utamu, nalo nitalifikia.

Natoka Masaki. Si Masaki unayoifikiria wewe, ile ya rasi ya Msasani yenye mabalozi, mahoteli na majumba ya mbwa wakali. Masaki yetu iko Kisarawe, mkoa wa Pwani, nchi ya mihogo, minazi, miembe na mikorosho. Nikisema mjini kwamba kwetu ni Masaki, watu hunitazama viatu kwanza, halafu huniuliza: "Masaki ipi?" Basi ni hiyo ipi.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na aina mbili za nyanya. Mwenyewe hakuziita nyanya. Alisema tungule, kama wasemavyo hadi leo watu wa Unguja na Mombasa. Ukimtajia nyanya, yeye alielewa nyanya chungu, ambazo wengine huziita ngogwe. Aina ya kwanza ya tungule zake zilikuwa kubwa, zenye mikunjo kama boga dogo, nyekundu huku mabegani karibu na kikonyo zimebaki na ukijani. Zilikuwa laini mno. Mvua ikinyesha zinapasuka. Ukiziweka kwenye kikapu ukaenda nazo Kisarawe mjini, unafika na mchuzi tayari. Alizipanda bondeni wakati wa kiangazi, akizimwagilia kwa ndoo.

Aina ya pili ndivyo vinyanya vyenyewe tunavyovigombania. Ukubwa wake ni gololi, vinaning'inia vichala kama zabibu. Hivyo hakuvipanda mtu. Viliota jalalani nyuma ya jiko, vikapanda juu ya ua wa makuti, ndege wakala, watoto wakala, kuku wakala, na bado vikabaki. Bibi hakuvipa hata kata moja ya maji. Lakini alipopika bada kwa ng'onda, alitoka mara moja nyuma ya jiko, akarudi na kiganja kimoja cha vinyanya, akavitwanga na chumvi na pilipili mbuzi, akavitia chunguni. Kiganja kimoja tu, jamani, kwa chungu cha watu wanane! Harufu yake ilitufuata mpaka barazani. "Mume wangu, njoo ule," alikuwa akiniita kwa utani wa bibi na mjukuu, nami nilikuwa nimeshanawa zamani.

Sasa nenda leo kwa mama n'tilie yeyote wa Gongo la Mboto ukamtazame. Anakatakata nyanya kubwa kubwa, nzuri, zimeng'aa, zote sura moja kama askari wa gwaride. Anatia nne, mchuzi bado maji. Anatia sita, mchuzi bado mweupe. Mwisho anafungua nyanya ya kopo, na juu yake anamimina unga wa pakiti, ndipo mchuzi unaanza kufanana na mchuzi. Nakuuliza wewe uliyecheka ukumbini: nyanya inayohitaji kusaidiwa na nyanya nyingine iliyo koponi, hiyo ni nyanya kweli?

Najua utasema haya ni mapenzi ya mjukuu kwa bibi yake, kwamba chakula cha utotoni ni kitamu kwa kila mtu. Mimi ni Kidato cha Nne tu, sikusomea mimea, lakini kusoma najua. Mwaka 2012 watafiti, akiwemo Ann Powell wa Chuo Kikuu cha California kule Davis, walichapisha utafiti wao katika jarida la Science. Walitaka kujua kwa nini nyanya za kisasa zinaiva rangi moja kutoka juu hadi chini, bila ya yale mabega ya kijani niliyoyataja. Wakagundua kwamba wazalishaji wa mbegu, tangu karibu miaka 70 nyuma, walikuwa wakichagua mimea yenye hitilafu moja ya kurithi. Hitilafu hiyo inaifanya nyanya ikiwa changa iwe na rangi moja iliyopauka, na mvunaji anaona kwa urahisi ipi imeanza kuiva. Lakini ule ukijani wa mabegani ulikuwa na kazi. Ni jiko dogo la kutengenezea sukari ndani ya tunda lenyewe. Walipoondoa ukijani, wakapunguza na sukari. Bibi yangu hakusoma jarida la Science, ila alizoea kuniambia nichague tungule yenye bega la kijani.

Mwaka 2017 ikaja kazi nyingine, ya kundi la Harry Klee wa Chuo Kikuu cha Florida. Hawa walipima aina 398 za nyanya, za kisasa, za zamani na za porini, na wakawapa watu waonje. Ladha ya nyanya si sukari na uchachu peke yake. Kuna vitu vingi vidogo vidogo vinavyoruka hewani na kuingia puani wakati unatafuna. Wakakuta kwamba vitu 13 kati ya hivyo vimepungua sana katika nyanya za kisasa. Hakuna aliyekaa mezani akaamua kuua utamu. Mkulima analipwa kwa uzito, msafirishaji anataka ngozi ngumu, mwenye duka anataka nyanya isiyooza wiki nzima, na kila mmoja alipewa alichokitaka. Mlaji hakuulizwa. Utamu ukapotea kama mtoto anavyopotea kwenye shughuli: kila mtu alidhani yuko na mwenzake.

Nisije nikaambiwa nawatukana wakulima. Nyanya inayoliwa Dar es Salaam inatoka mbali: Ilula kule Iringa, Dumila, Mgeta, Lushoto. Kutoka Ilula ni zaidi ya kilometa 400 juu ya lori, tenga juu ya tenga. Tungule ya bibi isingevuka hata Mikumi. Kwa safari hiyo inatakiwa nyanya yenye ngozi, na aliyeitafuta alifanya kazi ya maana. Wataalamu wetu wa Tengeru, Arusha, walitoa mbegu mbili mwaka 1997, Tanya na Tengeru 97, na mpaka leo zinalisha watu. Tena hizo si chotara: mkulima akitunza mbegu zake vizuri, zinarudi vilevile msimu unaofuata. Kwa hiyo simpigi vita kila mtu mwenye pakiti ya mbegu. Kinachonikera ni dharau. Kinachonikera ni kwamba tulipopata nyanya ya kusafiri, tuliona haya kuwa na ile ya kukaa nyumbani. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi mbachao hatukuuacha tu, tuliutupa.

Na hapa lazima nijitaje, maana anayenyoosha kidole kimoja vitatu vinamrudia.

Bibi alifariki mwaka 2015. Kabla ya arobaini tulisafisha nyumba kwa ajili ya wageni, mimi nikapewa jiko. Juu ya uchaga, nyuma ya vyungu, nikakuta kopo la maziwa ya unga lililojaa majivu. Ndani ya majivu kulikuwa na vipande vya gazeti, na juu ya vipande hivyo mbegu zimegandana. Nilijua ni nini. Nilimwona mara nyingi akizikamua gazetini. Lakini wakati ule akili yangu ilikuwa kwingine. Nilikuwa nimekopa fedha kwa mjomba, nimetoka kununua mbegu chotara, zile zinazoandikwa F1, na nilikuwa nimeshapiga hesabu ya tenga ngapi, lori la nani, na faida itanilipia mashine ya kuchapia riwaya yangu. Kopo la majivu la nini tena? Nikalitupa jalalani kwa mikono hii hii inayoandika.

Chotara zangu zilistawi msimu wa kwanza. Siwezi kusema uongo. Zilizaa kama zimetumwa. Lakini akaingia kantangaze, yule mdudu ambaye majani anayachora njia nyeupe na matunda anayatoboa. Wataalamu wanamwita Tuta absoluta. Alibainika nchini mwaka 2014, upande wa Arusha, naye asili yake ni Amerika ya Kusini, kulekule ilikotoka nyanya. Nyanya ilitangulia, adui yake akaifuata baada ya mamia ya miaka, kama mdai asiyesahau deni. Nilipiga dawa mpaka ngozi ya mikono ikachunika. Nusu ya shamba ikaenda. Nilichopata kikalipa deni la dawa, deni la mjomba likabaki.

Msimu wa pili sikuwa na fedha ya mbegu. Pakiti ya chotara huuzwa kwa hesabu ya punje, kama dhahabu. Nikafikiri kwa akili yangu ya kibibi: nitatunza mbegu. Nikachagua matunda mazuri kuliko yote, nikakamua, nikakausha, nikasia. Zilipozaa nikadhani nimerogwa. Mche huu nyanya ndefu, ule duara, ule vidogo vigumu, mwingine umekauka kwa ugonjwa kabla haujatoa ua. Bwana shamba alikuja, akatazama, akacheka kwa upole. Akanieleza kwamba chotara ni mtoto wa wazazi wawili tofauti, na uzuri wake ni wa kizazi kile kimoja. Ukipanda mbegu zake, tabia za wazazi wote wawili zinachanganyika upya, kila mche na bahati yake. Baadaye nikasoma kwamba jambo hilo lilielezwa na mtawa Gregor Mendel kwa kutumia njegere, mwaka 1866. Hakuna aliyenidanganya. Pakiti iliandikwa F1 wazi wazi. Mimi ndiye niliyeona herufi nisijue maana yake.

Ndipo nikakumbuka kopo. Nilikwenda jalalani na jembe dogo, mchana kweupe, majirani wananitazama. Sikuliona. Lilikuwa limeshachukuliwa na watoto au limeoza. Nikazunguka. Nilikwenda vijiji jirani, nikafika Maneromango, nikawauliza wazee wa kike mmoja mmoja: shikamoo bibi, mnayo ile tungule kubwa ya mikunjo? Walikumbuka. Wengine walitabasamu kabisa, wakanionyesha kwa viganja ukubwa wake. "Tulikuwa nayo, mjukuu wangu. Siku hizi tunanunua gengeni." Kila mmoja alidhani jirani yake anayo. Mpaka leo sijaipata. Inawezekana iko mahali fulani, juu ya uchaga wa mtu. Inawezekana ya mwisho ndiyo ile niliyoitupa mimi. Nalala na wazo hilo.

Vilivyobaki ni vinyanya. Mvua za masika zilipokuja, nyuma ya jiko la marehemu vikaota kama kawaida, bila ya kuulizwa, bila ya dawa. Kantangaze alivigusa, lakini vilizaa vingi kuliko alivyoweza kula. Mimi niliyekuwa nimeharibu kila kitu nikasimama mbele ya jalala, nikavila palepale bila kuosha. Na hicho ndicho mwenzangu ameona ni tusi!

Sasa twende kwenye Masaki ile nyingine. Nina mshikaji anayefanya kazi ya bustani kwenye nyumba mojawapo ya huko. Siku moja nilimfuata, tukapita kwenye duka la wakubwa kununua maji. Macho yangu yakagota kwenye kikapu. Humo mlikuwa na nyanya kubwa za mikunjo, zimepinda, zimepasuka kidogo juu, mabega ya kijani, zimelazwa juu ya karatasi laini kama mayai. Bei ya kilo moja ingeninunulia ndoo nzima kule kwetu. Nikamuuliza dada wa duka, hizi ni nini? Akanijibu kwa heshima kwamba ni nyanya za urithi, mbegu zake za kale, zimeletwa kutoka Ulaya, wageni wanazipenda sana. Urithi! Nilitaka kumwambia urithi huo ninao, yaani niliutupa, lakini mlinzi alikuwa ameshaanza kunitazama viatu.

Hazikuwa za bibi, najua. Lakini zilikuwa ndugu zake, na wenzetu wamezipa jina la heshima. Ila hata huko mjini sitawasifu bure. Kikapu kile cha pambo kilikuwa na nyanya chache. Zilizobaki zilikuwa ndani ya jokofu. Mwaka 2016 watafiti wa Florida walionyesha kwamba baridi ya jokofu inaizima ile harufu ya nyanya, na ukiirudisha mezani haiamki yote. Mtu analipa fedha nyingi kwa ajili ya utamu, halafu anauua kwa umeme. Huo ndio upenzi wa kitu kwa sababu ni ghali. Kesho mtindo ukibadilika watahamia kwenye boga. Wala sitaki sisi vijana tuanze kukithamini kinyanya kwa kuwa wakubwa wa Msasani wamekithamini. Hiyo ni dharau ileile, imevaa suti.

Afadhali tujifunze kwa waliokuwa na jambo la kweli. Kule Marekani, Diane Ott Whealy na mumewe Kent walianzisha mwaka 1975 chama cha kutunza na kubadilishana mbegu, ambacho leo kinaitwa Seed Savers Exchange. Kilianza na nini? Babu yake Diane alimpa mbegu za nyanya na za ua moja, zilizokuja na wazee wao kutoka Bavaria, Ujerumani, katika karne ya 19. Babu akafa. Mjukuu akaona kwamba asipozipanda yeye, hakuna mwingine. Tofauti yangu na Diane si elimu wala utajiri. Yeye alipewa mbegu akazipanda. Mimi nilizikuta nikazitupa.

Mwenzangu wa ukumbini ana hoja moja ambayo naiona inakuja, maana ni msomi. Atasema: "Asili gani unayoililia? Nyanya si ya Afrika." Kweli kabisa. Nyanya ilianzia Amerika ya Kusini, pande za Peru na Ecuador, ikalelewa na watu wa Mexico, na hata jina lake la Kiingereza linatokana na neno tomatl la Kinahuatl, lugha ya huko. Ililetwa kwetu ng'ambo ya bahari kama muhogo na mahindi. Lakini je, meza si Kireno? Kitabu si Kiarabu? Nani leo atakuambia ukitaka kusema meza uombe ruhusa Lisbon? Mgeni aliyejenga, akaoa, akazika watu wake hapa, huyo ni mwenyeji. Kinyanya kimeshajenga. Kimezoea mchanga wetu na jua letu mpaka hakihitaji mtu.

Na hapa ndipo lilipo lile jambo kubwa kuliko utamu nililoahidi. Chotara ni mgeni ambaye kila mwaka sharti umwalike upya, umlipie na nauli. Siku huna fedha, haji. Kinyanya ukishakuwa nacho unacho, wewe na mwanao na jirani yako. Mbegu inakaa mkononi mwako. Nchi yetu ina Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, inayotaka mbegu inayouzwa iwe imethibitishwa, na TOSCI ndiye mkaguzi. Ina sheria ya mwaka 2012 ya kulinda haki za wagunduzi wa aina mpya za mbegu. Na mwaka 2015 tulijiunga na umoja wa kimataifa wa kulinda haki hizo, UPOV. Sisemi ni vibaya. Mbegu feki zimeliza wengi. Nasema aliyegundua aina mpya ana sheria ya kumlinda. Aliyetunza aina ya zamani miaka 50 ndani ya kopo la majivu analindwa na nani? Analindwa na mjukuu wake tu. Na mjukuu mwenyewe ndiye huyu unayemsoma.

Nasi waandishi tusijitoe. Wangapi kati yetu tunaandika hadithi za chotara, tumechukua mkanda wa video wa huku na riwaya ya kule, tukapata kitu kinachong'aa msimu mmoja, kisha mwaka wa pili hatujui tuandike nini mpaka tukanunue tena? Simtaji mtu. Najua sura zangu mwenyewe zilizotoka dukani. Lakini ile sura niliyoisoma siku ile, iliyochekwa, ilitoka nyuma ya jiko. Kama kosa lake ni kujiotea, basi nitaipalilia. Siing'oi.

Basi, ewe kijana unayesoma, nisikusumbue zaidi ya hili. Ukienda kwenu, kabla hujasafisha jiko la bibi, muulize kila kopo lina nini. Ukikuta nyanya ya zamani, chagua tunda lililoiva sana kwenye mche usio na ugonjwa. Kamua mbegu pamoja na maji yake, acha siku mbili au tatu mpaka zitoe povu na ule utando uteleze, kisha osha, anika kivulini juu ya karatasi, hifadhi pakavu. Kazi yake ni hiyo tu. Halafu usikae nazo peke yako. Wape watu watatu, ili siku wewe ukipumbaa kama mimi, wawili wasipumbae.

Nawe mwenzangu wa ukumbini, sina kinyongo. Mwezi ujao nitakuja na bahasha. Ndani yake mna mbegu za kinyanya cha jalalani, zimekauka juu ya karatasi. Karatasi yenyewe ni ukurasa wa riwaya yangu, wa yule mhusika niliyesahau kumuua, kwa hiyo usihangaike kuurudisha. Zitupe popote nyuma ya nyumba yako. Usiweke mbolea, usimwagilie. Zikizaa, chuma kiganja kimoja, tia kwenye mchuzi, uonje. Baada ya hapo kama bado unataka kunitukana, njoo unitukane. Ila tafuta jina lingine.